UZI: Nanojeli za kupeleka antibiotiki mapafuni kwa kuvuta. Tuanze na hesabu ya dozi

#1 Mchanganyadawa

Wakuu, habari za wakati huu. Maswali ya nanojeli yamekuwa yakichipuka kwenye nyuzi za TB na za usugu wa dawa, yanajibiwa nusunusu, kisha uzi unahamia kwingine. Tuyaweke yote hapa. Watu wa maabara, wafamasia na madaktari wa kifua karibuni. Anayekuja kuuza dawa za kujifukiza asijisumbue.

Nanojeli ni mtandao wa minyororo ya polima inayopenda maji, kama kitosani, alginati au asidi ya hayaluroniki, uliofungwa ukawa chembe ya nanomita 50 mpaka 300 hivi. Sehemu kubwa ya chembe hiyo ni maji. Dawa inakaa katikati ya minyororo, ama kwa kushikwa na chaji, ama kwa kujificha kwenye vipande vinavyokwepa maji ambavyo mkemia amevipachika makusudi.

Kwa nini kuhangaika? Chukua mgonjwa wa sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi kuwa mazito) au bronkiektasia (njia za hewa zilizotanuka na kuharibika) mwenye bakteria *Pseudomonas aeruginosa*. Tobramaisini ya kuvuta iliidhinishwa Marekani tangu 1997: mg 300 ndani ya ml 5, mara mbili kwa siku, siku 28 anatumia na siku 28 anapumzika. Kuvuta kunaiepusha dawa na figo na masikio kwa kiasi kikubwa, lakini makohozi yenyewe ni mtego. Yamejaa DNA ya seli zilizokufa pamoja na alginati inayotengenezwa na bakteria, na vyote viwili vina chaji hasi. Tobramaisini ina chaji chanya, kwa hiyo inanasa njiani kabla ya kumfikia bakteria aliyejificha ndani ya utando wake wa kujikinga. Nanojeli inakusudiwa kuificha chaji hiyo, kupenya wavu wa makohozi (matundu yake kwa mgonjwa wa sistiki faibrosisi yamepimwa kuwa nm 140 kwa wastani), na kuiachia dawa polepole ikiwa imeshaingia.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo miradi mingi inapofia bila wenyewe kujua. Tobramaisini ya mg 300 kwa ml 5 ni mg 60 kwa kila ml. Nanojeli yako ikibeba dawa kwa asilimia 10 ya uzito wake mkavu, unahitaji mg 600 za yabisi katika kila ml. Hiyo si dawa ya nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa matone ya kuvuta), ni uji. Hata ukifika asilimia 40, bado ni mg 150 kwa ml. Nanojeli nyingi za polisakaridi zikivuka mg 20 au 30 kwa ml, mnato unapanda na mashine inagoma. Chukua basi mg 20 kwa ml na ubebaji wa asilimia 40: unapata mg 8 za dawa kwa ml, yaani mg 40 kwa ujazo wa ml 5. Hujafika hata sehemu ya saba ya dozi iliyozoeleka.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitosani, chagua dawa. Kolistini inaingia kwenye hesabu hii vizuri zaidi: uniti milioni 1 za kolistimethati (umbo lake linalovunjika kuwa kolistini), ambazo ni mg 80 hivi, zina nguvu sawa na mg 33 tu za kolistini yenyewe. Dawa yenye nguvu kubwa kwa miligramu chache ndiyo inayofaa kubebwa na nanojeli. Aminoglikosaidi, kundi la tobramaisini na amikasini, zinafaa zaidi kwenye liposomu (vifuko vidogo vya mafuta). Arikayce, ile amikasini iliyoidhinishwa Marekani 2018 kwa ugonjwa wa *Mycobacterium avium*, ina mg 590 kwa ml 8.4, na inawezekana kwa sababu uzito wa mafuta ya liposomu zake uko chini ya uzito wa dawa. Nanojeli haijafika huko, na sioni ikifika.

#2 Tone la Maabara

Mkuu Mchanganyadawa, umeeleza vizuri, lakini wanafunzi wengi wanapewa mada hiyohiyo: tobramaisini ndani ya kitosani na TPP (chumvi ya fosfati inayoifunga kitosani). Wanapata ubebaji wa asilimia 5 au 6 na hawaelewi kwa nini. Ungewaeleza utaratibu na kasoro yake, maana maelekezo yanayozunguka mtandaoni yanaruka mambo ya msingi.

#3 Mchanganyadawa

Sawa. Kwanza utaratibu wa jeli tupu, maana usipoweza kuitengeneza tupu ikatoka vizuri, dawa haitakusaidia.

Pima kitosani yenye uzito mdogo wa molekuli (kDa 50 hadi 190) na uondoaji wa asetili wa asilimia 75 hadi 85 au zaidi, mg 100. Iweke kwenye ml 100 za asidi asetiki ya asilimia 0.1, ikoroge usiku kucha. Kesho yake rekebisha pH ifike 4.8 hadi 5.0 kwa sodiamu haidroksaidi, tone kwa tone, kisha chuja kwa chujio la mikroni 0.45. Usichuje ukaona mabaki ukayapuuza: mabaki yanamaanisha kitosani haikuyeyuka yote, na kiasi ulichoandika kwenye daftari si kilichomo kwenye chupa.

Andaa TPP, yaani sodiamu tripolifosfati, mg 1 kwa ml ya maji, ichuje kwa mikroni 0.22. Angalia usafi wake kwenye lebo, maana ile ya kawaida huwa na asilimia 85 tu na iliyobaki ni fosfati nyingine. Weka ml 10 za kitosani kwenye bika ndogo, kikorogeo cha sumaku mizunguko 700 kwa dakika, dondosha ml 3 za TPP kwa kasi ya ml 0.5 kwa dakika. Uwiano wa uzito unakuwa 3.3 kwa 1. Endelea kukoroga dakika 30.

Ikifaulu, kimiminika kinakuwa na ukungu wenye rangi ya buluu kwa mbali ukikiangalia kwenye mwanga. Kikiwa cheupe kama maziwa, TPP imezidi au umemimina haraka. Kikibaki angavu kabisa, TPP haitoshi au pH imeshuka mno. Kipimo cha mtawanyiko wa mwanga kinapaswa kutoa nm 150 hadi 250, kielelezo cha mtawanyiko (jinsi saizi za chembe zinavyotofautiana) chini ya 0.25, na chaji ya zeta, yaani ya uso wa chembe, kati ya mV +20 na +40. Unapopunguza sampuli kwa ajili ya kipimo, tumia asidi asetiki ya pH ileile. Ukitumia maji ya bomba au bafa ya pH 7.4, unaiharibu jeli kisha unapima uharibifu wako. Kitosani hupoteza chaji yake karibu na pH 6.5 na chembe huanza kushikamana.

Sasa kasoro. Kitosani ina chaji chanya. Tobramaisini ina chaji chanya. Zinasukumana. Mbaya zaidi, tobramaisini nayo inaitaka TPP, kwa hiyo inashindana na kitosani kugombea kifungio kilekile. Dawa inayobaki ndani ni ile iliyonaswa kwenye maji ya jeli tu, na hiyo huvuja ndani ya saa moja ya kwanza. Kuongeza dawa hakusaidii; ukiongeza, chembe zinakua na kuvunjika.

Kwa dawa zenye chaji chanya, geuza upande: tumia polima yenye chaji hasi. Alginati au asidi ya hayaluroniki. Kitosani waachie wanaobeba dawa zenye chaji hasi, au itumie kama ganda la nje la alginati.

#4 MpimaChembe

Naongezea kwenye hiyo ya kugeuza upande, kwa sababu ubebaji una dari na dari hiyo inapigiwa hesabu kabla ya kugusa pipeti.

Asidi ya hayaluroniki ya sodiamu: kila kipande kinachojirudia kina gramu 401 kwa moli na chaji hasi moja. Miligramu 1 ina mikromoli 2.5 za chaji hasi. Kolistini: gramu 1,155 hivi kwa moli, chaji chanya tano. Miligramu 1 ya kolistini (hesabu kolistini yenyewe, toa uzito wa salfati) ina mikromoli 4.3 za chaji chanya. Ukichanganya mg 2 za polima na mg 1 ya dawa, chanya ni 4.3 na hasi ni 5. Umekaribia usawa, na kwenye usawa chembe hazina tena cha kuzisukuma zisigusane. Zinashikamana na kuzama chini ya chupa ndani ya dakika chache.

Kaa kwenye uwiano wa chaji usiozidi 0.6. Kwa kila mg 1 ya polima hiyo ni mikromoli 1.5 za chanya, sawa na mg 0.35 za kolistini. Ubebaji: 0.35 kwa 1.35, yaani asilimia 26. Anayedai asilimia 60 kwa mfumo huuhuu amepima mashapo, au hajatenganisha dawa iliyo nje ya chembe.

Jambo la pili. Chaji peke yake haitoshi. Ukimimina mchanganyiko huo kwenye chumvi ya milimola 150, ambayo ndiyo hali ya mwilini, ayoni za sodiamu na kloridi zinafunika chaji na nusu ya dawa inaondoka. Ndiyo maana wanaotumia asidi ya hayaluroniki huipachika kwanza mikia ya oktenili saksinati. Mikia hiyo inakwepa maji, inajikusanya katikati na kuushika mtandao hata chumvi ikiwepo. Inasaidia pia kwa azithromaisini, ambayo inapenda sehemu zenye mafuta kuliko kolistini.

Changanya kwa mtindo wa mikondo miwili inayokutana kwenye kiungo cha T au kwenye chipu ya mifereji midogo, kasi sawa pande zote. Kudondosha kwa mkono kunafanya tone la kwanza likutane na polima nyingi na tone la mwisho likutane na polima iliyoshiba, kwa hiyo unapata jamii mbili za chembe kwenye chupa moja.

#5 Tone la Maabara

Hapo kwenye chumvi kuna mtego mwingine ambao wengi wanauingia na alginati. Jeli ya alginati inafungwa na kalsiamu. Halafu mtu anapima uachiaji wa dawa kwenye bafa ya fosfati. Fosfati inaichukua kalsiamu, jeli inafunguka, dawa yote inatoka, na ripoti inaandikwa kuwa "jeli inaachia haraka". Kilichopimwa ni fosfati. Tumia bafa ya HEPES yenye sodiamu kloridi milimola 150, au kimiminika cha kuigiza maji ya mapafu.

Mfuko wa dialisisi nao unadanganya. Dawa huru isiyo na jeli inachukua saa moja hadi mbili kupita kwenye mfuko huo. Ukikosa kuiweka dawa huru kwenye mfuko wa pembeni kama kilinganishi, utasifia jeli kwa kazi iliyofanywa na plastiki.

Upimaji wa dawa yenyewe: tobramaisini haifyonzi mwanga wa UV wa maana, hivyo watu huipaka kitendanishi cha OPA kinachoshika amini za msingi kisha wanasoma mng'ao. Kitosani nayo ni amini tupu. OPA inazishika zote mbili, na unajikuta una "asilimia 120 ya dawa". Ama utenganishe polima kwanza, ama utumie HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali) yenye kipima-masi. Kolistini unaweza kuiona kwa HPLC kwenye nm 215, inatoa vilele viwili vikubwa, A na B, vijumlishe. Na kolistini inapenda kuganda kwenye plastiki na kwenye utando wa chujio za sentrifyuji. Pitisha dawa huru peke yake kwanza: kama chini ya asilimia 90 ndiyo inayopita, matokeo yako ya "dawa iliyobebwa" ni dawa iliyoganda kwenye chujio.

#6 Pumzi na Mvuke

Mimi nachangia upande wa mashine. Naona watu wanachanganya saizi mbili. Nanomita 200 ni saizi ya jeli. Kinachoamua dawa itue wapi mapafuni ni saizi ya tone au ya punje ya poda inayoibeba, na hiyo inatakiwa iwe mikroni 1 hadi 5. Ikizidi 5 inagonga koo, mgonjwa anaimeza. Ikiwa chini ya 1, sehemu kubwa inatoka na pumzi. Nanojeli kavu zikipeperushwa zenyewe kwa zenyewe hazifai. Lazima zipande ndani ya kitu kikubwa.

Nebulaiza za kompresa: zinavumilia kimiminika kizito kidogo, lakini zinabakiza ml 1 au zaidi kwenye kikombe, na katika ulichojaza, asilimia 10 hadi 20 ndiyo hufika mapafuni. Pia, tone kubwa linagonga kizuizi, linarudi kikombeni, linapulizwa tena mara nyingi. Nanojeli dhaifu inachanika kwenye mzunguko huo, na maji yakivukizwa kimiminika kinazidi kuwa kizito. Nebulaiza ya mesh, yaani wavu unaotetema, ni pole zaidi na inabakiza kidogo, ila matundu yake ni mikroni chache tu. Mnato ukipita milipaskali-sekunde 2 utaona muda wa kupuliza unaongezeka maradufu, na mashapo kidogo tu yanaziba. Za ultrasoniki ziache kabisa kwa jeli: zinapasha joto, na huvukiza maji zikiacha chembe kikombeni.

Kipimo cha chini kabisa: pima ukubwa na kielelezo cha mtawanyiko kabla ya kupuliza, kwenye mvuke uliokusanywa, na kwenye masalia ya kikombe. Vyote vitatu. Mvuke ukiwa na dawa ileile lakini masalia yana chembe nyingi zaidi, mashine inachuja jeli yako. Kwa mgawanyo wa matone tumia impakta ya NGI (kifaa kinachochambua matone kwa saizi) kwa lita 15 kwa dakika, iliyopozwa hadi nyuzi 5 kwa angalau dakika 90. Isipopozwa, matone yanakauka ndani ya chuma na unapata saizi ndogo ya kupendeza isiyo ya kweli.

Osmolaliti (wingi wa vilivyoyeyuka kwenye maji) kaa karibu na miliosmoli 300 kwa kilo, na kloridi isikosekane. Mvuke usio na kloridi ya kutosha unakohoza hata kama osmolaliti iko sawa. Anayerekebisha osmolaliti kwa manitoli peke yake huwa anashangaa mgonjwa akikohoa.

#7 Kifua Wazi

Upande wa kitanda. Naomba nisisitize mambo ambayo hayamo kwenye makala za kemia.

Kolistini salfati inakera njia ya hewa kuliko kolistimethati. Ndiyo sababu hospitali hutumia kolistimethati, ambayo ni dawa-mama: inavunjika taratibu kuwa kolistini. Angalieni basi kwamba kolistimethati ina chaji hasi, kwa hiyo hesabu ya mkuu MpimaChembe haiihusu. Mnapoandika "kolistini" kwenye mpango wa utafiti andikeni ni ipi. Nanojeli inayoficha chaji ya kolistini salfati inaweza kupunguza ukali wake kwa seli, na kwa maoni yangu hiyo ni faida kubwa kuliko uachiaji wa polepole unaopigiwa debe.

Kolistimethati ikishachanganywa na maji haikai. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kifo cha mgonjwa wa sistiki faibrosisi aliyetumia mchanganyiko uliotayarishwa mapema. Changanya, tumia papo hapo.

Vichupa vya sindano visimwagwe kwenye nebulaiza kwa kuwa tu jina la dawa ni lilelile. Tobramaisini ya sindano mara nyingi ina fenoli na metabisalfaiti. Zote mbili zinaweza kubana kifua. Kwa dozi ya kwanza ya antibiotiki yoyote ya kuvuta: salbutamoli dakika 15 hadi 30 kabla, pima FEV1 (hewa anayoitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza) kabla na baada, na ikishuka kwa asilimia 15 au zaidi, simama. Na hii nanojeli ya antibiotiki ya kuvuta bado iko maabara. Asitokee mtu akaitengenezea nyumbani.

#8 Bahari ya Mashariki

Maswali mawili kwa wakuu. Moja, TB sugu: amikasini ya sindano inaua masikio, je, nanojeli haiwezi kuokoa hapo? Pili, tuna maganda ya kamba na tuna mwani Zanzibar. Si tutengeneze polima wenyewe?

#9 Kifua Wazi

La kwanza nijibu mimi. Wazo lina mantiki kwa sababu kwenye TB makrofeji (seli ya kinga inayomeza vijidudu) ndiye mwenye nyumba anakoishi mdudu. Hapo hutaki kumkwepa, unataka akumeze: punje za mikroni 1 hadi 3 humezwa vizuri, na ukipachika manosi kwenye uso wa jeli, vipokezi vya makrofeji vinaishika. Ni kinyume cha *Pseudomonas*, ambako kumezwa ni hasara.

Lakini uhitaji umepungua. WHO iliondoa kanamaisini na kapreomaisini kwenye orodha inayopendekezwa, na tangu 2022 matibabu ya miezi 6 ya vidonge vitupu, yaani bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, ndiyo yanayotangulia kwa wagonjwa wengi. Amikasini imebaki kwa wachache. Tena hewa haifiki kwenye kidonda kilichozibwa katikati na jibini la seli zilizokufa, hivyo kuvuta kutakuwa nyongeza ya vidonge na si mbadala. Na kumpulizia mgonjwa wa TB kunamkohoza: chumba chenye hewa inayotoka nje, chujio kwenye mdomo wa kutolea pumzi, barakoa ya N95 kwa mhudumu. Bila hivyo unatibu mmoja na kuambukiza wodi.

#10 Mchanganyadawa

La pili langu. Mwani unaolimwa Zanzibar, spinosamu na kotonii, ni mwani mwekundu. Unatoa karajinani, hautoi alginati; alginati inatoka kwenye mwani wa kahawia. Na karajinani ndiyo ileile inayodungwa kwenye nyayo za panya maabara ili kuwasha uvimbe, watafiti wapate cha kupimia dawa za kutuliza. Inafaa kwenye aisikrimu na dawa ya meno. Mapafuni hapana.

Maganda ya kamba yanafaa kwa kemia. Haidrokloriki ya mola 1 kuondoa chokaa, sodiamu haidroksaidi ya mola 1 kuondoa protini, kisha sodiamu haidroksaidi ya asilimia 40 hadi 50 kwenye nyuzi 100 hivi kwa saa kadhaa kuondoa asetili. Kazi ngumu ni usafi wa daraja la mapafu. Protini ikibaki ina tropomaiosini, ambayo ndiyo mzio wenyewe wa kamba. Metali nzito zipimwe. Endotoksini, sumu za ganda la bakteria, ndizo zinazoumiza kichwa: zina chaji hasi, zinang'ang'ania kitosani, na kitosani nayo inavuruga LAL, kipimo cha kuzigundua. Kwa alginati shida ni nyingine: mabaki ya beta-glukani ya mwani yanaiamsha LAL bila endotoksini kuwepo, kwa hiyo tumia kipimo cha faktari C, kisichoamshwa na beta-glukani.

Kuua vijidudu mwishoni nako hakuna njia rahisi. Otoklevu inavunja mtandao, mionzi ya gama inakata minyororo, chujio la mikroni 0.22 linazibwa na chembe zinazozidi nm 150. Inabidi kila kimiminika kichujwe kabla ya kuchanganywa, na kuchanganya kufanyike ndani ya kabati safi mwanzo hadi mwisho.

#11 MpimaChembe

Rudini kwenye hesabu yangu kidogo, maana hamjaona bado tatizo la ujazo. Ile jeli ya kolistini inatoka kwenye chipu ikiwa na dawa mg 0.5 hadi 0.7 kwa ml. Kumpa mgonjwa mg 20 unahitaji ml 30 au 40. Hakuna atakayevuta nebulaiza muda huo. Kwa hiyo ama uikaze mara 10 kwa uchujaji wa mkondo wa pembeni, ama uikaushe.

Kukausha kwa kunyunyizia: yabisi asilimia 1 hadi 2, leusini (asidi amino) asilimia 20 ya uzito wote, joto la kuingilia nyuzi 120 hadi 130, la kutokea lisivuke 65. Leusini inatangulia kutoka kwenye maji na kukaa juu ya punje, hivyo punje hazigandani. Hesabu: mg 20 za dawa kwa ubebaji wa asilimia 26 ni mg 77 za jeli, ukiongeza leusini, mg 96 za poda. Kapsuli tatu za mg 32. Linganisha na tobramaisini ya poda iliyoko sokoni, ambayo ni kapsuli nne kila mara. Inabebeka.

Punje zikitoka na matundu, ni bora. Punje ya mikroni 4 yenye msongamano wa 0.4 inaruka kama ya mikroni 2.5, kwa sababu unazidisha kwa kipeuo cha pili cha msongamano.

Adui ni unyevu. Asidi ya hayaluroniki inafyonza maji hewani, punje zinakuwa kama gundi. Kwa Dar, Mombasa au Unguja msitegemee chupa: kapsuli za HPMC (aina ya selulosi) na si za jelatini, kila moja kwenye blista ya alumini pande zote, ifunguliwe wakati wa kutumia. Jaribio la uthabiti lifanywe kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, miezi 6 kwa uchache, na kila mara yeyusha poda upime kama jeli inarudi kwenye saizi yake. Poda inaweza kuruka vizuri sana kumbe ndani jeli imeshageuka gamba.

#12 Pumzi na Mvuke

Mkuu, hapo kwenye kuyeyusha: kwa maji kiasi gani? Mapafu hayana bika.

#13 MpimaChembe

Swali zuri. Maji yanayofunika ndani ya mapafu ya mtu mzima ni ml 10 hadi 30 tu, tena yamesambaa kama utando mwembamba. Ukiyeyusha mg 10 kwenye ml 100 za maji, unajidanganya. Weka poda juu ya ute kidogo, mg 1 kwa mikrolita 200 za makohozi ya kuigiza, iache dakika 30 kwa nyuzi 37, ndipo uongeze bafa na kupima.

Ile fomula ya makohozi ya kuigiza: kwa lita, musini ya tumbo la nguruwe gramu 5, DNA gramu 4, sodiamu kloridi gramu 5, potasiamu kloridi gramu 2.2, DTPA mg 5.9, pamoja na asidi amino na kiini cha yai, pH 7. DNA isirukwe kwa kuwa ni ghali. Ndiyo inayonasa dawa. Bila hiyo hata dawa huru itaonekana inapenya.

#14 Tone la Maabara

Na mkifika kwenye bakteria, msiishie kwenye MIC (kiwango cha chini cha dawa kinachozuia bakteria kukua). Ndani ya mchuzi wa Mueller-Hinton jeli na dawa huru zitatoa MIC karibu sawa, au jeli itaonekana mbaya zaidi kwa sababu haijaachia yote ndani ya saa 18. Hilo si kosa la jeli. Kwa kolistini tumia sahani za polistirini zisizotibiwa na msiongeze polisobati. Kalsiamu ya mchuzi ni mg 20 hadi 25 kwa lita. Inatosha kubadili jeli ya alginati, kwa hiyo pimeni saizi ndani ya mchuzi wenyewe.

Jaribio linaloamua ni la utando: vijiti 96 vya mfumo wa Calgary ambavyo bakteria huoteshwa juu yake, utando wa saa 24, dozi, kisha kutikisa kwa ultrasauti na kuhesabu makoloni. Weka safu nne: dawa huru, jeli tupu, jeli yenye dawa, na jeli tupu iliyochanganywa na dawa huru papo hapo. Safu hiyo ya nne ndiyo wengi wanaiacha. Ikitoa jibu sawa na jeli yenye dawa, basi ubebaji haukufanya kazi yoyote, polima imesaidia kwa njia nyingine.

#15 Bahari ya Mashariki

Nimewasoma wakuu. Hiyo safu ya nne, jeli tupu na dawa huru zichanganywe muda gani kabla ya kuwekwa?

#16 Tone la Maabara

Chini ya dakika 5, na ndani ya mchuzi wenye chumvi tayari. Ukizichanganya kwenye maji matupu ukaziacha, dawa itajiingiza kwenye jeli yenyewe kwa chaji na utakuwa umetengeneza safu ya tatu mara mbili.